Muzee Mwenye Kuita Taa Majina

Mimi, hakuna kitu inaweza kunishangaza tena. Nimeona vita inapita mbele ya mulango yangu mara nyingi mpaka niliacha kuhesabu. Niliuza esansi ya magari mu machupa ya bia pembeni ya barabara wakati wenzangu walikuwa wanavaa shati nyeupe ya shule, na leo wale wenzangu wanakuja kwangu kuomba kazi ya kuandika fakture. Niliacha masomo mwaka wa tatu ya primere. Niko na depo mbili hapa Bunia, nyumba ya matofali, na magari inne inayokwenda Aru na kurudi na vitu. Hakuna mutu alinishika mukono. Kwa hiyo mutu akiniambia "ngoja, utashangaa," ninamucheka.

Lakini kulikuwa muzee mumoja, fundi wa magari. Sitasema jina yake, na hata nikisema watu watauliza "nani huyo?", sababu Bunia yote inamujua kwa kazi yake tu: Muzee Fundi. Watu wanasifu Muzee Fundi kwa mambo mengi. Ile moja ninajua mimi, wao hawaijui, na haijaacha kuniuma.

Garaje yake ilikuwa upande wa kutoka mujini kwenda Bogoro. Bati ya zamani kuzunguka, hakuna kibao. Ndani, ukuta mumoja alipaka chokaa, kisha juu yake akachora taa zote za tablo ya gari, kila moja ukubwa wa sahani: ya moteri, ya mafuta, ya batri, ya fren, ile breki, ya mukaba wa kiti, na ile ya gari kadogo yenye alama mbili zimejikunja nyuma yake kama nyoka. Magari yetu inatoka Japani, inapitia Uganda, volan, usukani, iko kuume, na maandiko ndani yake hata padiri hawezi kusoma. Muzee Fundi alisema picha haina luga. Alichora ili mutu asiingie kwake na kusema, "Kuna kitu kinawaka, sijui nini."

Na alikuwa na desturi moja. Ukija kuchukua gari yako, hakupi mufunguo mpaka ukae mu kiti, ufungue kontak bila kuwasha moteri, naye anasimama pa dirisha, mikono nyuma.

"Ita."

Unaita. Moteri? Iko. Mafuta? Iko. Batri? Iko. Fren? Iko. Nyoka? Iko. Kama vile mwalimu anaita majina asubuhi. Kisha unawasha moteri, naye anasema, "Sasa zilale," na kila taa lazima ife. Taa iliyobaki kuwaka, alikuwa anaiangalia bila hofu. Alisema ile inalia, na kitu kinacholia bado kiko muzima. Taa isiyowaka hata kidogo njo ilimufanya atoe kofia, kama pa maziko. Hapo gari haitoki. Alirudisha pasta mumoja na gari ya harusi, bibi-harusi mwenyewe akiwa ndani, sababu taa ya fren haikujibu. Harusi ilikwenda na miguu.

Mimi nilichukia ile desturi. Mutu mwenye depo mbili, unamukalisha mbele ya mafundi wenye mafuta mpaka kwa kiwiko, unamwambia aite majina kama mutoto wa primere. Mara ya kwanza nilisahau jina ya moja, na mafundi wakacheka. Muzee Fundi hakucheka. Alisema tu, "Rudia kutoka mwanzo." Hakujua, ao labda alijua, kwamba sauti kama ile, ya mwalimu, njo ilinitoa shuleni.

Juu ya ile taa ya nyoka, yeye alikuwa kama mutu wa dini. Hakujali sana mambo mengine: mafuta ya kuvuja kidogo, kiti cha kupasuka, taa ya nyuma iliyofungwa na kamba, alivumilia. Lakini ile ya kuzuia gari kuteleza, hapana. Alikuwa anaeleza hivi, akichora mu vumbi na spana:

"Iko na masikio inne. Moja kwa kila gurudumu. Iko na ingine kwa volan, inajua weye unataka kwenda wapi. Iko na ingine chini pa katikati, inajua gari yenyewe inazunguka kwenda wapi. Ikiona pale unataka na pale gari inakwenda ni njia mbili, inashika fren ya gurudumu moja tu. Moja! Weye na muguu yako unaweza kushika fren ya gurudumu moja?"

"Siwezi, Papa."

"Basi heshimu mwenye kuweza."

Na hakusema uongo kwamba inafanya miujiza. Ukimwambia sasa utakimbia namna unataka, alikasirika. "Haitengenezi barabara. Haikupi pine mupya kwa gurudumu. Ukiingia viraje, zile kona, na wazimu, itakusindikiza mu mufereji na heshima yote." Watu waliofunga pine za ukubwa mbalimbali, kushoto hii, kuume ile, aliwafukuza, alisema wanadanganya masikio ya gari.

Siku moja mu mwezi wa mvua alituita mu uwanja wa mupira wa parokia, siye madereva na wenye magari, watu sita. Majani yalikuwa yamelowa. Aliweka bidon ya njano, ya kutekea maji, katikati. Jeep ilikuwa yangu, sababu njo ilikuwa mupya kuliko zote. Akaniambia nije na mbio ya karante, makumi ine kwa saa, kisha nikate volan mbele ya bidon. Nikaja. Nikakata. Chini ya muguu pedali ikatetemeka, nikasikia krrr, jeep ikavutwa kama mutu anakushika mukaba kwa nyuma, na ikapita bidon vizuri. Nikatoka ninapiga kifua.

"Mumeona mikono?"

Muzee Fundi akaingiza mukono pa dirisha, akabonyeza buto, akaishikilia mpaka taa ya nyoka ikawaka. "Rudia."

Nikarudia. Jeep ikazunguka mara mbili, bidon ikaruka, kuku za padiri zikakimbia kila upande, na mimi nikajikuta ninaangalia kule nilikotoka. Muzee akatembea polepole mpaka kwa dirisha.

"Patron, mikono iko wapi?"

Walicheka wiki muzima. Mu soko watu walinipungia mikono yao: "Patron, hii hapa!"

Sasa, mutu asiyeishi huku hatajua shida yetu na ile kitu. Barabara ya Mambasa, wakati wa mvua, ni uji. Gurudumu ikizunguka bure mu matope, ile kitu inafikiri unateleza, inapunguza nguvu ya moteri. Unakanyaga, moteri inanyamaza kama mutu uliyemutukana. Unabaki pale, na vijana wenye majembe wanatoka porini kukutoza. Njo maana iko na buto: unazima, unatoka mu matope, unawasha tena. Shida ni ile "unawasha tena." Magari ingine inarudisha yenyewe ukizima moteri, ingine ya kwetu hapana, sababu kila moja imeshapita mu mikono ya watu wengi. Mutu anasahau. Anafika mujini, anakwenda mwezi muzima bila ile kitu.

Muzee Fundi akatafutia dawa. Ukibonyeza buto, funga kitambaa chekundu kwa volan, pale mukono unashika. Kikusumbue. Kikuchome roho mpaka ufike pa udongo mugumu, ubonyeze tena, ukifungue. Madereva wa Mambasa walifuata. Ukipita pa bulvar ya mujini na kitambaa bado kiko, hata mama wa kuuza mandizi anakupigia kelele: "Weye! Matope imeisha!" Hiyo ni kazi yake, ile kelele. Hakuna mutu alimulipa juu yake.

Lakini usifikiri alikuwa mutakatifu. Alikuwa muchoyo wa vitambaa, alifua hata vile vya kupangusa mafuta, akavianika kama nguo za mutoto. Alitukana. Alikuwa mukubwa mu kanisa, na alilala kwa kila mahubiri, waziwazi, kichwa nyuma. Na yeye mwenyewe aliendesha pikapu ya zamani isiyo na kitu: hakuna masikio, hakuna taa ya nyoka, hata honi haikuwa. Nilimushika hapo siku moja, mbele ya watu.

"Papa, unatusumbua na ile kitu, na yako haina."

"Haina," akasema. "Na ninajua haina. Njo maana ninakwenda kama mutu anabeba mayai. Mwenye kuikata anajua imekatwa, lakini muguu yake haijui. Muguu bado inakwenda kama iko."

Kinyume yake ingine ilikuwa bibi yake. Muzee asiyenyamazishwa na mutu, kwake alinyamaza. Alimwita Shefu. Ule mama njo alishika mifunguo za garaje, njo alikata bei ukilia vizuri. Saa sita analeta sombe na samaki mu sufuria, anasimama mbele ya bwana yake, mikono nyuma, sura ya ukali:

"Ita. Chumvi?"

"Iko," anajibu muzee.

"Pilipili?"

"Iko."

"Asante ya bibi?"

"Hiyo haijawaka."

"Basi sufuria haitoki." Na anarudi nayo. Mafundi wanalia na kucheka. Mimi niliona ile mara nyingi, na nilikuwa ninafikiri, mutu akipata bibi wa hivi, hata akiwa na pikapu ya kuoza, iko tajiri. Sikusema. Mimi sisemi vitu kama hivyo kwa watu.

Nilikwama karibu na Mambasa siku mbili. Kurudi, nikaenda moja kwa moja kwa garaje na matope yangu.

"Papa, nikatie ile kitu. Kabisa. Inaniibia nguvu."

"Haikuibii. Bonyeza buto."

"Ninasahau kurudisha."

"Funga kitambaa."

"Mimi? Kitambaa kwa volan kama shangazi wa bibi-harusi? Mimi ni patron."

"Patron atembee na miguu. Mimi sikati mukono ya gari ya mutu."

Mafundi wakacheka tena. Nikaondoka. Mu muji kuna fundi mwingine, wa mambo ya umeme, asiyeuliza maswali. Akatoa fizible, fyuzi ya ile kitu, akatoa na ampuli nyuma ya tablo ili taa isinisumbue macho. Haikuchukua muda wa kunywa chai. Kapteri ya gurudumu ya nyuma, moja ya yale masikio, ilikuwa tayari imekatika waya mu matope. Akasema sasa haina maana tena, akaiacha inaning'inia. Miezi miwili nilipita matope kama mufalme. Nilikuwa ninapita watu wenye vitambaa vyekundu na kuwapigia honi.

Kisha kaka mukubwa wa Mama, bibi ya Muzee Fundi, akafa kule Bogoro. Ilikuwa wakati wa jua, vumbi juu ya changarawe. Mama alikuwa anatafuta moto, pikipiki ya kukodi, ya kumubeba na beseni ya unga, pamoja na wamama wawili wa kanisa. Nikapita pale pa garaje. Nikasema, mama kama huyu apande moto, na mimi niko? Niliisema kwa sauti ili watu wasikie. Ninaandika vile ilikuwa.

Muzee Fundi alikuwa chini ya kamio ya mizigo. Ulikuwa unaona miguu yake tu. Wamama wamekaa tayari. Sauti yake ikatoka chini:

"Umeita majina?"

"Nimeita, Papa."

"Yote imejibu?"

Mafundi walikuwa wananiangalia. Wamama pia. Nilikuwa nimevaa sura ya mutu anayesaidia. Nikafikiri: nikisema hapana, atatoka, atafungua tablo, atanikalisha chini mbele ya wote. Ni kilometre kidogo tu mpaka Bogoro.

"Yote imejibu."

"Ya nyoka?"

"Hata ya nyoka."

Nilingoja miguu yake isogee. Mu miaka yote ile hakuwahi kuamini mudomo ya mutu. Alikuwa anasimama mwenyewe pa dirisha. Siku ile mikono yake ilikuwa imebeba boksi ya vitesi, ya gia za kamio, hangeweza kuiacha. Spana ikaanza kulia tena.

"Basi, Mungu awatangulie. Shefu, usiniletee samaki ya kuoza."

"Weye ukiacha mifunguo ovyo, nitarudi nikute umeuza garaje," Mama akajibu, anacheka, anafunga mulango.

Kabla ya Bogoro kuna pa kuteremuka na viraje. Nilikuwa na swasanti, makumi sita kwa saa, si mbio ya wazimu, swasanti, mwendo ambao nilipita pale mara mia na jeep ile ile wakati ilikuwa na masikio. Mwanaume mwenye baiskeli ya makaa akatoka pembeni. Nikakata kushoto, nikakosa baiskeli, nikarudisha kuume. Mikono yangu ilifanya vizuri, ninaapa, ilifanya yote mikono inaweza kufanya. Nyuma ya jeep ikaja mbele. Hakukuwa krrr. Hakuna kitu kilivuta mukaba yangu. Tulikwenda ubavu-ubavu juu ya changarawe, gurudumu zikaingia mu mufereji, jeep ikalala upande wa Mama.

Wale wamama wawili walitoka na michubuko. Mimi, bega. Mama alikaa siku mbili lopitali, ya tatu akaenda.

Na sasa sikiliza kitu chenye uchungu kuliko vyote: watu walinisifu. Nililipa lopitali, nililipa sanduku ya kumuzikia, nilileta ng'ombe wa kilio na mifuko ya mucele. Pasta akasema saa ya Mungu ikifika hakuna breki. Wandugu wa Mama wakanikumbatia, wakasema patron alimusaidia dada yetu mpaka mwisho. Na Muzee Fundi akasimama mbele ya watu wote, kofia mukononi, akanishukuru juu ya sanduku. Sauti yake haikutetemeka. Nilimuangalia machoni nione kama anajua. Sikuona kitu. Nikasema ndani yangu, hajui. Nikala mucele yangu mwenyewe.

Tolie wangu, fundi wa bati, akanyoosha jeep. Nikampa dereva, ikaanza kubeba watu kwenda Mambasa na kurudi. Utauliza kama nilirudisha ile kitu. Sikurudisha. Fundi yoyote akirudisha fizible na ampuli ataona kwamba zilitolewa, na Bunia iko na mudomo. Ili siri yangu ikae, watu waliendelea kupanda jeep isiyo na masikio. Kuhusu garaje ya muzee, niliacha kupita barabara ile. Nilizunguka na upande wa soko, hata nikichelewa.

Ikapita zaidi ya mwaka. Siku moja asubuhi fundi wake mumoja akaja pa depo: "Muzee anasema, leta jeep." Hakuna salamu, hakuna sababu. Nikajaza bahasha. Niliweka ndani pesa ya kununua ng'ombe wengi, nene mpaka haikufunga. Nilisema, leo itaisha, mwanaume anamaliza mambo yake.

Alikuwa amekonda. Sufuria ilikuwa juu ya jiko, anapika mwenyewe, anapika vibaya, harufu ya kuungua. Hakunipa mukono, mikono yake ilikuwa na mafuta, na hakutoa kiwiko pia, kama vile mafundi wanafanyaka.

"Bado inabeba batu?" akauliza.

"Inabeba, Papa."

"Kaa pale."

Nikakaa juu ya pine. Alifanya kazi kutoka asubuhi mpaka saa tisa. Alifungua tablo. Alilala chini pa gurudumu ya nyuma. Alizungusha volan kushoto, kuume, akaiweka sawa, akangoja, akaenda kujaribu jeep peke yake pa barabara, akarudi. Mimi, mutu asiyengojaka hata gavana, nilingoja.

Mwisho nikasimama. "Papa, ile siku ya Bogoro..."

"Nilifungua tablo siku tatu nyuma ya maziko," akasema. "Jeep ilikuwa bado pa polisi. Niliwapa pesa ya sigara, wakaniacha."

"Basi ulijua. Mbele ya watu, ulinishukuru, na ulijua?"

"Sanduku ilikuwa nzuri. Nilishukuru juu ya sanduku."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa ninangoja weye useme." Akapangusa spana, moja, kisha ingine. "Nikasema, wiki hii atakuja. Kisha nikasema, nyuma ya Pasaka. Kisha nikasikia jeep inabeba batoto ya shule kwenda likizo Mambasa. Hapo nikaona weye hautakuja."

Nikatoa bahasha, nikaiweka juu ya meza yake, kati ya misumari. Nilitaka kulia na sikuweza. Sijui namna inafanywa.

"Hii ni ya nini?"

"Ni juu ya Mama."

"Hapa hatuuzi Mama. Hapa ni garaje."

Akachukua kipande cha karton, akaandika na kalamu ya seremala, polepole, akisema kwa sauti: fizible moja, ampuli moja, kapteri ya gurudumu ya nyuma, ya okazioni, ya kutolewa kwa gari ingine, na kazi ya siku. Akafungua bahasha yangu yeye mwenyewe. Akatoa noti, akainua kila moja juu ya mwanga kutafuta kama imepasuka, kama anavyofanya kwa kliya yoyote wa garaje. Moja aliikataa, ilikuwa na alama ya kalamu, akachukua ingine. Kisha akafunga bahasha, akanisukumia, akaniwekea mufunguo ya jeep juu yake, na akarudi kwa sufuria yake.

Hakuna bei ingine aliniomba juu ya bibi yake, siku ile wala mupaka leo, zaidi ya ile ya karton: dola makumi sita na saba.